Uzi wa Mwisho

Jino la mbele la Bi Mize, fundi cherehani, lilikuwa likicheza kama mlango uliolegea bawaba.

"Jino lenyewe zima, mama," daktari alimwambia. "Ila vijidudu vimekaa chini ya ufizi miaka. Mwili ukipambana navyo, mfupa ulioshika jino ndio unaolika."

"Nami kila nilipoona damu niliacha kupiga mswaki pale. Nikasema nakipumzisha kidonda."

"Kumbe uliwapumzisha wageni."

Likang'oka bila kusumbua.

Nyumbani, gauni la harusi la mjukuu wake lilibakiza uzi mmoja wa kukatwa. Marehemu mama yake Bi Mize, naye fundi, hakuukata uzi wa mwisho kwa mkasi hata siku moja. Aliinama, uso ukazama kwenye kitambaa kama anayebusu mtoto, akaukata kwa meno. Mize, angali mtoto, alikuwa akiusubiri ule mlio: tik!

Bi Mize akaupeleka uzi mdomoni. Ulimi ukakuta pengo. Mkasi ulikuwa mezani, karibu na mkono wake.

"Rehani," akamwita bibi harusi. "Njoo uiname hapa, mjukuu wangu."

Bi Mize akafumba macho, akasubiri.