Chini ya Ubao wa Kizimba

Fundi alikuwa amelala chali ndani ya kizimba cha mshtakiwa alichokitengeneza mwenyewe, patasi mkononi, akichonga chini ya ubao wa kushikia, mahali ambapo jicho lisingefika.

"Unaandika nini huko?" mkewe aliuliza, akitua kikapu cha chakula mlangoni mwa karakana.

"Jina la mtoto."

Miaka kumi na minne tangu mtoto achukuliwe, na neno hilo bado lilimkata mkewe maini. Kisha akajikaza, akatania kama kawaida yake: "Kizimba umekipiga msasa hivyo, na kitanda changu kinalia kila nikigeuka!"

"Kitanda kitasubiri, mama. Nataka yule kamanda Kitambaa akishika hapa, awe ameshika jina la mwanangu. Kesi nzima. Asijue yeye, nijue mimi."

Alipomaliza kuchonga, akafumba macho, akapitisha dole gumba la kushoto chini ya kiungo cha ubao, akagonga mara mbili. Ndivyo alivyopima kila mlango na kila meza iliyotoka mikononi mwake. Mafundi wenzake walimcheka kwa mtindo huo. Mtu mmoja tu aliwahi kumuiga, na huyo kichwa chake kilikuwa hakijafika urefu wa meza.

Kitambaa ndiye kamanda aliyefunika uso kwa kitambaa miaka yote aliyoongoza vita na kuchoma vijiji vya watu. Alikamatwa mwaka uliopita, na sasa mahakama ya kimataifa ilikuwa inakuja kusikiliza kesi yake papa hapa, katika ukumbi wa mji. Sura yake raia hawakuijua. Jina alilopewa na wazazi wake alikataa kulitaja, hata kwa wakili wake.

Mara mbili watu wake walipita mtaa huu. Nyumba ishirini na tatu ziliteketea, lakini karakana haikuguswa hata ubao mmoja. Majirani walimtania fundi kwamba ana mganga mkali. Yeye alidhani anaijua sababu: wangemuua fundi, nani angewatengenezea majeneza?

Dada wa mahakama alipokuja kujaza fomu za waathirika, fundi alijibu bila kupepesa macho. Mtoto mmoja, wa kiume, miaka tisa, alikamatwa na wapiganaji njiani akienda dukani kununua gundi. Aliyemtuma alikuwa fundi mwenyewe, na hilo hakuliandikisha.

"Lakini Kitambaa ameanza kusikika miaka sita tu iliyopita," dada alisema kwa upole. "Mwanao alichukuliwa zamani kabla ya hapo."

"Kundi ni lile lile, dada yangu. Andika."

"Haya. Na unaiomba mahakama nini?"

"Kwanza aseme mwanangu alimpeleka wapi. Halafu afie ndani."

Dada akaandika, fundi akatia sahihi.

Siku ya kwanza ukumbi ulifurika. Wakubwa waliokuwa wakigawa bunduki enzi zile walikaa mstari wa mbele kama wageni waalikwa, chupa za maji mapajani. Hao hakuna aliyeagiza watengenezewe kizimba. Fundi na mkewe walipewa viti vya nyuma, vya waathirika.

Kitambaa akaingizwa katikati ya askari wawili. Loo! Kumbe kijana tu, mwembamba, suti ya kuazima inamning'inia, na upande mzima wa uso umeliwa na kovu la moto.

"Ndiye huyu?" mkewe alinong'ona.

"Ndiye. Hebu mwone alivyo na macho makavu."

Jaji mkuu, mama wa makamo, akamwuliza mshtakiwa jina lake. Mkalimani akarudia swali. Kimya. Akamwuliza tena. Kimya. Watu wakaanza kuguna, na mmoja wa wale wakubwa wa mbele akatazama saa yake.

Mshtakiwa aliinamisha kichwa, akautazama ubao ulio mbele yake kwa muda mrefu. Akafumba macho. Dole gumba lake la kushoto likapita taratibu chini ya kiungo, likagonga mara mbili, likasogea kidogo, likakwama. Likarudi lilikotoka, likaanza kupapasa upya, herufi moja baada ya nyingine.

Fundi akahisi kucha za mkewe zikimzama mkononi.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho," jaji alisema. "Jina lako nani?"

Kijana akafumbua macho, akayapitisha juu ya vichwa vya wakubwa mpaka viti vya nyuma, akalitaja kama lilivyochongwa.