Ndimu za Wesonga

Wesonga alikunja mkono wa shati, akatumbukiza kisu cha jikoni kwenye tangi la kioo, akaanza kufyeka magugu yaliyomo.

"Kumbe ni haya tu!" alicheka. "Ndugu yangu alisumbuliwa na maua?"

Nasambu alisimama kando, mikono kifuani. Sanduku la shemeji yake lilikuwa limeshatua verandani. Matanga ya mumewe Opicho hata hayajapoa, na ndugu mtu amekuja kurithi: nyumba ya Buruburu, na mke aliyemo ndani yake.

"Mulamwa, shemeji yangu," alimwambia, "koti la marehemu ulishachukua. Redio ulisema unaazima, hadi leo inaimba kwako Baba Dogo. Mimi si koti wala redio."

"Mila ni mila, Mama Nerima."

"Na hapana ni hapana."

Wesonga akazidi kufyeka. Opicho alikuwa gadi wa treni ya Mombasa. Maji ya bahari aliyaleta kwa mitungi, pamoja na mawe na samaki, na juu ya mawe hayo ndipo yalipokuja magugu hayo: vidude laini vyenye vidole vingi, vinavyopunga majini na kuwasha kama upupu. Umeme ulipokatika wiki ya msiba, samaki wote walikufa. Magugu hayakushtuka hata kidogo.

"Opicho hakuyakata," Nasambu alisema. "Aliyachoma sindano ya maji ya ndimu, moja moja. Na hakuacha chembe ya chakula ilale humo, maana masazo ndiyo huyanonesha."

Sikio la Wesonga lilikuwa la kufa. Kufika jioni mkono umefura kama andazi, akakimbilia kwake kuutibu, sanduku akaliacha. Aliporudi baada ya wiki mbili, kila kipande alichokata kilikuwa kimekuwa gugu zima, na vidole vyake. Alirudi nyuma hadi akajigonga mlangoni.

"Haya ni majini! Majini ya Mombasa! Ndiyo yaliyomla ndugu yangu!"

"Ndugu yako aliuawa na malaria."

"Yamwage!"

"Mwaga wewe, mwanaume."

Thubutu! Anayemwaga jini, jini humfuata. Hilo Wesonga alilijua tangu utotoni. Kuanzia siku hiyo akawa anazungumzia langoni, sauti juu, mguu ndani ng'o.

Lakini kiburi hakikumtoka. Jumamosi moja alikuja na kikapu cha ndimu.

"Wewe unajiona jogoo," alisema. "Sawa. Yamalize mashetani haya kabla ya Pasaka, nami nitakiri kuwa nyumba ina mwenyewe. Sitakusumbua tena. Ukishindwa, naingia na kulala humo, na wazee watakuwa mashahidi."

Nasambu alimtazama. Akaifikiria ile redio, na thamani ya ahadi za mtu huyu.

"Pitisha ndimu," akasema.

Kila Jumamosi kikapu kilitoka soko la Gikomba na kupitishwa juu ya lango. Kila jioni Nasambu alikata ndimu, akajaza sindano, akapiga magoti mbele ya tangi, akaliendea gugu moja baada ya jingine.

"Na wewe. Na wewe pia. Hakuna atakayesahaulika hapa."

Kezia, jirani yake muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuja kuchungulia akashika kiuno.

"Haki ya Mungu, dada, mbona yanaongezeka? Ndimu gani hizi?"

"Labda za Gikomba hazina ukali. Nipimie omena."

"Tena? Watoto hawajachoka?"

"Kwangu hakuna anayechoka na omena."

Kezia alipima huku akitikisa kichwa. "Pasaka ndiyo hiyo, na yule bwana ataingia. Mimi ningekuwa nishafunga virago."

"Virago nifunge mimi? Hapa nilizalia, hapa nitazeekea. Atake asitake."

Jumatatu ya Pasaka Wesonga alifika na ami yao, Mzee Khaemba, aliyesafiri kutoka Bungoma kushuhudia. Nasambu aliufungua mlango wote, akavuta pazia. Jiwe halikuonekana tena ndani ya tangi. Magugu yalikuwa juu ya mawe, yamepanda kioo, mengine upana wa kiganja cha mtoto, yote yakipunga.

"Nimeshindwa, mulamwa," alitangaza kwa sauti iliyofika hadi kwa Kezia. "Ulisema nikishindwa unaingia kulala. Haya, karibu! Kitanda nimekutandikia papo hapo, kando ya tangi."

Wesonga alisogea mbele. Mguu mmoja ukapanda kizingiti. Gugu moja kubwa likajikunja, likajikunjua. Mguu ukashuka.

"Ingia basi," Mzee Khaemba alisema.

"Mzee... labda siku nyingine."

"Siku gani? Mlango wazi, mwenye nyumba amekukaribisha, nawe unatetemeka kama kuku wa mvua!" Mzee alicheka hadi akaegemea fimbo. "Basi nimeshuhudia. Nyumba hii ina mwenyewe, na si wewe. Chukua sanduku lako twende. Na redio ya mama wa watu uirudishe."

Wakaenda. Nasambu alifunga mlango, akaketi, akakamulia ndimu kwenye chai yake ya rangi, kama kawaida yake ya kila jioni. Kisha akavuta bakuli la omena alizoponda asubuhi, akaijaza sindano kwa maji yake mazito, akapiga magoti. Vidole vyote vikamgeukia.

"Kuleni, wanangu," alisema. "Leo mmefanya kazi."