Mfereji Kwanza

Kalamu ya meneja ilikuwa imeshagusa mkataba Apondi alipoingia ofisini na ovaroli yake yenye grisi.

"Bosi, ngoja kidogo. Kwanza huyu bwana afungue ule mfereji wa maji pale ukutani."

Muuzaji wa mitambo ya kupoza viwanda alitabasamu, akakunja mkono wa shati lake jeupe, akafungua. Mfereji ulikohoa, ukatema hewa, kisha tone moja la rangi ya chai likaangukia kiganja chake.

"Hapa Kariobangi maji huja Jumanne na Ijumaa," Apondi alisema. "Huo mtambo wako unataka maji saa zote. Siku hizo zingine mtambo utakunywa nini?"

Muuzaji alifungua katalogi yake ya picha zinazong'aa. Akafunua ukurasa wa pili, wa tatu. Akaifunga.

Miaka kumi na miwili Apondi alikuwa ametengeneza mashine za kiwanda hiki bila kuitwa mkutanoni hata mara moja. Leo pia hakuitwa.

Meneja alifunika kalamu. "Yule muuzaji mwingine, aliyekuja juzi akiuliza habari za maji, tutampata wapi?"

"Yuko juu ya paa, bosi. Nimemshikia ngazi mwenyewe. Anapima mahali pa tangi."