Gundi ya Kiti cha Mama

"Usiachie!" mume alisema. "Ukiachia tu, tunaanza upya."

Mkewe alikuwa amepiga magoti sebuleni, koti mwilini, akibana mguu wa kiti uliovunjika walipokuwa wakikitoa mlangoni. Masanduku yake yalishatangulia kwenye teksi. Kiti kilikuwa cha marehemu mama yake, na bila hicho haondoki.

Nje honi ililia.

"Umechanganya sawasawa?" mke aliuliza. Yeye ndiye mkemia wa gundi za epoksi kiwandani kwao, na kwenye gundi hana utani. "Resini peke yake inalala tu. Ndani yake kuna vipete vya pembe tatu, vimebanwa, vinatamani kufunguka vishikane. Kigumishi, kile chenye harufu kali, ndicho kinachovifungua. Bila hicho utashika mpaka uote mvi."

"Nimechanganya jikoni. Nusu kwa nusu, kama ulivyonifundisha."

Mke akasogeza pua kwenye kiungo, kama afanyavyo kazini, akanusa. "Haya," alisema.

Mume hakutulia. Alikwenda dirishani, akarudi, akapanga magazeti yaliyokwisha kupangwa. Tangu karakana yake ya useremala iungue alikuwa hivyo, hakai wala hasemi: anaingia, anakula, analala. Bubu mwenye funguo za nyumba, mkewe alimwita siku alipochoka naye.

"Bado?" mume aliuliza.

"Bado kidogo."

Honi tena. Dereva akachungulia mlangoni. "Mama, tunaondoka, au na mimi nivue viatu?"

"Gundi haijashika, kaka," mke alimjibu.

Dereva akaenda zake akinung'unika. Mume akachuchumaa mbele ya mkewe.

"Naona aibu," alisema. "Kila asubuhi nakuaga naenda kutafuta kazi, kumbe nakwenda kukaa mbele ya yale majivu. Sasa ningekwambia nini?"

Machozi yakamtoka mkewe. Mikono ilikuwa na kazi, akayaacha yashuke.

"Endelea," alisema.

Akaendelea. Alisema yote, ovyo ovyo, huku akisimama na kukaa, mpaka dereva akachoka kungoja, akaanza kushusha masanduku mwenyewe. Mume akatoka mbio kuyapokea.

Alipobaki peke yake, mkewe aliachia. Mguu wa kiti ukadondoka. Akapeleka mkono moja kwa moja chini ya magazeti, akatoa kopo la kigumishi, utepe wake wa kiwandani haujakatwa. Akalirudisha, akalifunika vizuri, akapiga magoti na kubana mguu palepale.

"Njoo uendelee," akaita. "Bado haijashika."