Masikio ya Jerko

Bartul alimshika Jerko mkono mpaka ndani ya duka la vifaa vya kusikia, asije akageuza njia. Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli ilikuwa imekaribia, na kiongozi wa klapa yao, kikundi cha waimbaji, alishasema wazi: anayetoka nje ya sauti haimbi mwaka huu.

Walikuwa wameimba bega kwa bega tangu ujana, bila gitaa wala ngoma, kila mmoja akimsikiliza jirani yake. Lakini siku hizi kila wakipanda juu, Bartul alisikia sauti ya jirani ikienda njia yake. Moyo ulimuuma. Kusimama kanisani bila Jerko asingeweza. Na mzee huyu kwa ubishi! Hata akiongea alikuwa anang'ata maneno, kisha anakukasirikia ukimwomba arudie.

Jerko aligoma kuingia chumba cha kupimia.

"Tangulia wewe," alisema. "Ukitoka mzima, naingia."

"Mzee mzima unaogopa kuvalishwa vidude masikioni?"

"Naogopa."

Bartul akacheka, akaingia. Akaambiwa abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Katikati palikuwa na kimya kirefu mno, akadhani mama Tonka, mpimaji, ameisahau kazi kwa ajili ya kahawa yake.

Zamu ya Jerko haikuchukua muda. Kupitia kioo Bartul aliwaona wakipiga soga tu.

Kwenye kuchagua kifaa, Bartul alitaka Jerko apewe kile kikubwa kuliko vyote. Mama Tonka akakataa. Anayesikia sauti nene akakosa nyembamba, alisema, hazibwi sikio. Kinamfaa hiki kidogo cha kukaa nyuma ya sikio, la sivyo sauti yake mwenyewe itamvumia kichwani.

"Hebu nivalie wewe, nione kinavyokaa," Jerko akamwomba.

Bartul akavaa viwili, akageuza kichwa huku na huku kama bibi harusi. Jerko akaanza wimbo wao wa sikukuu, taratibu, akapanda nao mpaka juu. Ulinyooka, safi, kama zamani. Bartul nusura alie kwa furaha. Akaunga sauti yake, na papo hapo wimbo ukapinda.

Akapeleka mkono sikioni.

Jerko akamshika ule mkono. "Usivivue, ndugu yangu. Vimepimwa kwa masikio yako."