Ukili wa Mama

Mchana wa sikukuu, wageni walipokwisha kula na vyombo kuoshwa, Zuwena alitoa ukili, ule utepe uliosukwa wa kushonea mkeka, alioacha marehemu mama yake bila kuumaliza, umezungushwa kama gurudumu. Miyaa ya mwisho, majani makavu ya kusukia, ilikuwa bado imechomoza, myekundu na myeupe, inangoja vidole. Tangu msiba hakuthubutu kuigusa.

“Suka basi, kichwa kipoe,” alisema mama yake mdogo, Mwanaisha, aliyejinyoosha jamvini akichokoa meno. “Leo kila mtu anapumzika.”

“Nitaharibu, mama mdogo. Mkeka utaonekana umeanzwa na fundi ukamalizwa na mwanagenzi.”

“Fundi! Hebu ukunjue huo ukili.”

Zuwena akaukunjua. Ukatambaa sakafuni hadi mlangoni, maua yake sawasawa. Kisha, karibu na mwanzo, ukajipinda, nyekundu ikapotelea chini ya nyeupe, ua likawa kama jongoo aliyekanyagwa.

“Hapo tulikuwa tunamsengenya babako,” alisema Mwanaisha. “Mamako alicheka mpaka akapoteza hesabu ya miyaa. Nikamwambia, fumua. Akasema, acha, anayelala mkekani hufumba macho.”

Zuwena akacheka, machozi yakamtoka. Akalowesha vidole kwenye bakuli la maji, akashika miyaa.

“Ehe, mama mdogo. Baba alifanyaje?”

Mwanaisha akajisogeza karibu, akashusha sauti. Mwaa mwekundu ukapita juu ya mweupe, au labda chini.