Kulia Kidogo

Kwa miaka sita trekta dogo la Mzee Anyosisye lilikuwa likivuta kushoto. Miaka yote hiyo mkewe alikaa kwenye madigadi, juu ya gurudumu la nyuma, akimwelekeza: "Kulia kidogo, Baba Tumsifu. Kulia!" Walilima hivyo na kusomba samadi hivyo.

Siku usukani ulipoanza kuzunguka bure, trekta lilivutwa na ng'ombe hadi kwa fundi Ezron, watu wakicheka njia nzima. Fundi alilala chini yake, akatoka na chuma kilichopinda kama mundu.

"Mzee, hili koleo la mbele la kuzolea samadi ni la trekta kubwa. Uzito wake ndio unaoua usukani. Chagua kimoja: koleo hili au usukani."

Mzee alilipenda sana koleo lile. Alilitazama, kisha akamtazama mkewe, ambaye bega lake moja lilikuwa limeshuka kwa kuegemea upande mmoja miaka yote.

"Nifungie koleo dogo," alisema.

Alasiri trekta lilitoka gereji likienda limenyooka kama uzi. Mzee akalisimamisha.

"Mama Tumsifu, sasa unaweza kubaki nyumbani upumzike."

Mkewe alipanda, akakaa palepale kwenye madigadi, akakunja kanga magotini. Wakaenda hadi wakapita mashine ya kusaga. Mbele yao barabara ilikuwa imenyooka, haina hata shimo.

"Kulia kidogo, Baba Tumsifu."

Mzee akageuza usukani kulia, taratibu, na nyasi za kando zikaanza kulala chini ya gurudumu.